Unaenda Marekani kusoma masta au PhD huku unafundisha Kiswahili? Mwongozo kamili, kuanzia barua ya ofa mpaka gredi za Desemba

Vyuo kama Indiana University, Ohio University, Wisconsin-Madison, Michigan State na Kansas vimefundisha Kiswahili miaka mingi, na mara nyingi anayesimama mbele ya darasa la mwaka wa kwanza siyo profesa, ni mwanafunzi wa masta au PhD aliyetoka huku kwetu. Anaitwa TA, yaani teaching assistant, mwalimu msaidizi. Ada analipiwa, posho anapewa, na yeye anafundisha. Kwenye karatasi inaonekana dili safi sana, na kiukweli ni dili safi, ila kuna kitu watu hawaambiwi mapema.

Kazi ya kufundisha haina mwisho. Unaweza kukaa saa sita unaandaa somo la dakika 50, unatafuta picha, unapanga slaidi, unabadilisha rangi, na zile saa sita umezitoa kwenye makala ya semina ambayo profesa wako anaisubiri Ijumaa. Wanafunzi watakupenda, idara itakusifia, halafu mwisho wa semista mshauri wako anakuita anauliza mbona utafiti hausogei. Kwa hiyo kila hatua hapa chini nimeiandika kwa lengo moja tu, darasa lako lijiendeshe ndani ya saa ulizolipwa ili upate muda wa kusoma, maana kilichokupeleka kule ni digrii.

Hatua ya 1: Soma ofa mstari kwa mstari

Furahi kwanza, piga simu nyumbani, waambie. Halafu rudi uisome umetulia.

Angalia ajira yako ni asilimia ngapi. Kawaida ni asilimia 50, maana yake saa 20 kwa wiki, na mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi ya chuoni wakati semista inaendelea. Hiyo namba ni kinga yako, ishike vizuri kichwani maana tutairudia. Angalia pia mshahara ni wa miezi mingapi, kuna watu wanaichukua jumla ya mwaka wanaigawa kwa 12 wanaanza kupanga kutuma hela nyumbani, kumbe mkataba ni wa miezi 9, Agosti mpaka Mei, na kiangazi unajijua mwenyewe. Na kusamehewa ada siyo kusamehewa michango! Vyuo vingi vina michango ya kila semista, huduma za wanafunzi, teknolojia, usafiri, sijui nini, na bima ya afya pengine unachangia sehemu. Muulize mratibu wa idara kwa imeili maswali manne tu: michango ni kiasi gani kwa semista, bima nani analipa, malipo ya kwanza yanaingia tarehe ngapi, na nafasi inahuishwa kwa masharti gani kila mwaka. Hakuna atakayekuona una njaa ya hela, kule kuuliza hivyo ni kawaida.

Hiyo tarehe ya malipo ya kwanza ni muhimu kuliko unavyodhani. Ukifika katikati ya Agosti pesa yako ya kwanza inaweza kuingia Septemba imeshakolea, wakati mwenye nyumba anataka kodi na dipoziti siku anayokupa funguo. Jipange na akiba, au uliza kama chuo kina mkopo wa dharura kwa wanafunzi wapya.

Halafu usichanganye hii na Fulbright FLTA, programu ya serikali ya Marekani ya walimu wasaidizi wa lugha. Ile unaenda kwa viza ya J-1, ya programu za kubadilishana, kwa mwaka mmoja wa masomo, unafundisha lugha na kusoma kozi kadhaa lakini hurudi na digrii, na ina lile sharti la kukaa nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba aina fulani za viza. Ni nafasi nzuri sana, wengine wameitumia kama mlango, ila siyo hii ninayoizungumzia.

Jambo jingine la makaratasi, mwenye F-1 hawezi kuingia nchini zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza programu iliyoandikwa kwenye I-20, ile fomu ya chuo unayoombea viza. Semina elekezi ya ma-TA huwa inatangulia madarasa, kwa hiyo hakikisha tarehe kwenye I-20 inakuruhusu kuiwahi. Na uliza kama kuna mtihani wa Kiingereza cha kuongea kwa ma-TA wa kigeni, kuna vyuo wanaudai kwa kila mtu na kuna vyuo wanaofundisha lugha yao wenyewe wanasamehewa.

Hatua ya 2: Kabla hujapanda ndege, kiangalie Kiswahili chako kwa macho ya mgeni

Hapa ndipo watu wanaingia kichwa kichwa. Mtu kakulia Tanga, kapata A ya Kiswahili kidato cha sita, anaona upande huu hauna shida. Wiki ya tatu kijana wa miaka 19 anayesoma baiolojia ananyoosha mkono: Mwalimu, umetuambia mtu anakwenda na a- na m-, sasa mbona ni "rafiki yangu mzuri anakuja"? Hiyo "yangu" imetoka wapi?

Kaona vizuri. Kwenye sentensi moja rafiki kachukua umilikishi kama nomino za ngeli ya N, ndiyo maana tunasema mama yangu, dada yangu, rafiki yangu, lakini kivumishi na kitenzi vinamchukulia kama mtu, mzuri, anakuja. Sisi hatujawahi hata kuliona hilo maana tumelinyonya na maziwa. Jibu la "ndivyo tunavyosema" unaweza kulitoa mara moja, mara ya pili wanaanza kuangaliana.

Au swali la ku-. Anakuja, amekuja, atakuja, vizuri. Mbona "haji", "hajaja", ku- imeenda wapi? Na "hakuja", ile ku- ni ipi sasa? (Siyo ile ile, ni ya ukanushi wa wakati uliopita, kama kwenye hakusoma.) Na tofauti ya "hakuja" na "hajaja" ujiandae kuieleza kwa mfano, siyo kwa istilahi: hajaja bado tunamsubiri, hakuja tumeshafunga mlango.

Fanya hivi. Chukua daftari, andika sentensi 30 unazosema kila siku nyumbani, zile za kawaida kabisa, "chai imepoa", "nimechelewa", "funguo ziko wapi", halafu kata kila kitenzi vipande vipande: ni-me-chelew-a. Kila kipande jiulize kinafanya kazi gani, na kinabadilika vipi ukikanusha. Ukimaliza hizo 30 umeshakutana na maswali mengi ya semista ya kwanza, na unaweza kuyajibu bila kutoa jasho.

Jambo la pili la kufanya ukiwa bado nyumbani, na hili narudia kwa kila anayeniuliza, kusanya malighafi. Piga picha ubao wa bei wa mama ntilie, tiketi ya basi, risiti ya LUKU, maandishi ya nyuma ya daladala, tangazo la chumba cha kupanga, kadi ya mchango wa harusi. Rekodi sauti fupi za sekunde 30 mpaka dakika moja, kwa ruhusa ya wenyewe: muuza nyanya anataja bei, konda anaita abiria, bibi anajibu salamu za mjukuu, shangazi anaelekeza njia ya kwake. Vitabu vya kiada vingi mazungumzo yake yamenyooka mno hakuna mtu anaongea hivyo, na ukishakuwa Ohio mwezi wa kumi theluji inanukia huwezi kumpata muuza nyanya. Fanya hii Julai. Simu tu inatosha.

Hatua ya 3: Ukifika, wiki ya kwanza

Hii naipitia haraka. Ripoti ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, wakuthibitishe kwenye mfumo. Omba namba ya hifadhi ya jamii, ile SSN, unaweza kuanza kazi ya chuo wakati namba bado inashughulikiwa lakini ofisi ya mishahara itaisubiri. Fungua akaunti ya benki. Pata nyumba iliyo kwenye njia ya basi la chuo hata kama ni ndogo, Januari utanishukuru. Koti zito usinunue Dar, nunua kule, maduka ya mitumba kama Goodwill yanauza ya maana kwa bei ya kutupa.

Kwenye idara tafuta watu wawili. Msimamizi wa programu ya lugha, na TA aliyefundisha mwaka jana. Kwa huyu wa pili omba kila kitu, silabasi, kwizi, slaidi, mitihani ya zamani. Usione aibu, kule kuna utamaduni wa kuachiana mafaili, mwenye kuanza upya kutoka sifuri ni mwenye kutaka sifa tu.

Nenda pia kaone chumba chenyewe utakachofundishia. Viti vinasogezeka? Projekta inawaka vipi? Darasa la lugha kwenye ukumbi wa viti vilivyofungwa chini ni mateso, ukiligundua mapema unaweza kuomba kubadilishiwa.

Hatua ya 4: Silabasi ni mkataba

Huku kwetu silabasi ni orodha ya mada. Kule ni karatasi ambayo mwanafunzi ataisoma kama wakili siku akipata C. Kama kitu hakimo, hukisemi baadaye. Iweke hivi: muda na mahali, namna ya kukupata, malengo, alama zinagawanywaje, sera ya mahudhurio, sera ya kazi iliyochelewa, sera ya programu za kutafsiri na akili mnemba, maelezo kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na ratiba ya wiki zote 15 au zaidi. Vipengele vingine chuo kina maneno yake tayari, nakili yalivyo.

Alama mimi ningezigawa hivi: ushiriki darasani 15, kazi za nyumbani 20, kwizi fupi 20, mitihani miwili ya kuongea 25, mradi wa mwisho 20. Kuongea kunabeba uzito kwa makusudi. Mtihani wa kuongea ni dakika tano tano kwa kila mwanafunzi ofisini kwako na unatoa alama hapo hapo kwa jedwali la vigezo, wakati mtihani wa kuandika unakuachia lundo la karatasi wikiendi nzima. Unaona tunakoelekea.

Kwenye malengo usiahidi watu kwamba wataongea kama maji. Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani inaweka Kiswahili kwenye kundi la lugha za wiki 36 hivi, na hao wanasoma kutwa nzima ndiyo kazi yao. Wako wana saa nne kwa wiki, wiki 15, jumla saa 60, tena wana kemia na mazoezi ya mpira. Andika vitu mtu anavyoweza kuvifanya: kujitambulisha, kuuliza bei na kulipa, kusema saa na ratiba, kueleza familia, kuagiza chakula. ACTFL, chama cha walimu wa lugha cha kule, wana mizani ya viwango ambayo idara karibu zote zinaitumia, kajisomee ngazi mbili za chini tu kwa sasa, na pendekezo lao ni kwamba asilimia 90 au zaidi ya muda wa darasa uwe kwa lugha inayofundishwa. Inaonekana haiwezekani, ila inawezekana ukiwa na picha, vitendo na sentensi fupi.

Hatua ya 5: Somo lenyewe, dakika kwa dakika

Anza na swali la mwisho: wakitoka mlangoni leo, wataweza kufanya nini ambacho jana hawakuweza? Ukishalijibu ndiyo urudi nyuma kupanga. Nikupe somo la saa, maana hili kila mwalimu wa Kiswahili analikuta, na ukiliharibu wanabaki wamechanganyikiwa mpaka Mei.

Lengo: wanaweza kuuliza na kusema basi linaondoka saa ngapi.

Dakika 5 za kwanza salamu, unazunguka, kila mtu anajibu kitu tofauti, salama, nzuri, njema, shwari. Wakiingia wanasema "Shikamoo Mwalimu" na wewe unajibu marahaba hata kama anayekuamkia kakuzidi umri, waambie kabisa kwamba mtaani haiendi hivyo. Kisha dakika 7 za namba moja mpaka kumi na mbili, haraka haraka, unanyoosha vidole, unaruka mpangilio.

Dakika 8 zinazofuata chora jua linachomoza ubaoni. Jua limetoka, siku imeanza. Saa ya kwanza ikipita ni saa moja asubuhi. Inayofuata, saa mbili. Sasa chora saa ya mshale na waache wagundue wenyewe: mshale mfupi uko kwenye 7, sisi tunasema moja, ambayo iko upande wa pili kabisa, 8 na mbili, 12 na sita, 3 na tisa. Kuna mwanafunzi atapiga kelele ameelewa kabla hujamaliza, mwache awaeleze wenzake. Usiongeze nusu, robo na kasoro leo. Hizo kesho.

Dakika 15 ndiyo moyo wa somo. Wagawe wawili wawili. Mmoja ana karatasi ya mabasi ya stendi ya Magufuli, Mbezi, yenye saa za Arusha na Mwanza lakini Mbeya na Dodoma ni mapengo, mwenzake ana kinyume chake. Hairuhusiwi kuonyeshana. Inabidi waulizane: "Basi la Mwanza linaondoka saa ngapi?" "Linaondoka saa kumi na mbili asubuhi." Wewe unatembea, unasikiliza, unaandika makosa kwenye kikaratasi bila kumkatiza mtu. Na umeona kilichotokea? Wametumia "li-" mara ishirini bila wewe kuchora jedwali la ngeli. Siku ukifika kwenye ngeli hiyo masikio yao yameshaizoea. Hii habari ya kuwabwagia ngeli zote kwenye jedwali moja wiki ya pili ndiyo inayowakimbiza watu wakasome Kihispania, naisema kwa ukali maana bado inafanyika.

Dakika 9 kila mtu anaandika sentensi nne za ratiba yake ya kesho, dakika 5 baadhi wanasoma, unarekebisha makosa mawili matatu uliyoyaandika bila kutaja nani kakosea. Dakika ya mwisho unasimama mlangoni, hatoki mtu mpaka akuambie sasa hivi ni saa ngapi.

Kuandaa somo kama hilo isizidi saa moja na nusu. Weka kengele kwenye simu. Ikilia, somo limeiva, funga laptopu.

Hatua ya 6: Panga wiki yako ukianzia na masomo yako, siyo ya wanafunzi

Zile saa 20 zigawe hivi: darasani 4, saa za ofisi 2, kuandaa 6, kusahihisha 4, vikao na imeili 2. Jumla 18, zinabaki mbili za mambo ya ghafla, na mambo ya ghafla yapo kila wiki.

Kama una uwezo wa kuchagua omba kufundisha asubuhi, saa tatu au saa nne, ukimaliza umemaliza na mchana mzima ni wako. Masomo ya wiki nzima yaandae siku moja, tuseme Ijumaa mchana, Jumapili jioni unagusa gusa tu. Mtu anayeandaa somo la kesho usiku wa leo, kila usiku, hasomi kitu.

Semina zako nazo zina mambo yake. Kozi tatu kwa semista ni kawaida, na kuna semina inayotaka kitabu kizima kwa wiki. Hakuna anayekisoma neno kwa neno, soma utangulizi, hitimisho, sura moja kwa makini, na uende na maswali mawili ya maana. Lazima uongee. Sisi tumezoea kukaa kimya kwa heshima mbele ya profesa, kule ukikaa kimya wanaona hujasoma. Na profesa akisema mwite kwa jina lake la kwanza mwite tu, kinywa kitazoea.

Sasa, ukiwa Mswahili pekee mji mzima utaombwa vitu. Njoo utupikie pilau usiku wa Afrika. Njoo ufundishe watoto wa shule nyimbo. Njoo utafsiri hospitali kuna mama Mkongo kaja hajui Kiingereza. Tarehe 7 Julai nayo, Siku ya Kiswahili Duniani, lazima jina lako liwepo kwenye kamati. Mengine ni mazuri na utayapenda, lakini chagua moja kwa semista na mengine sema una masomo. Kwa hospitali waelekeze kwenye wakalimani wanaolipwa, ukalimani wa afya una taratibu zake na siyo jambo la kujitolea hovyo.

Chakula pika Jumapili, sufuria kubwa, gandisha. Unga mweupe wa mahindi unapatikana supamaketi za kawaida, ugali unatoka.

Hatua ya 7: Kusahihisha bila kufa

Usirekebishe kila kosa. Tumia alama fupi pembeni: N ni ngeli, W ni wakati, U ni ukanushi, M ni mpangilio wa maneno. Mwanafunzi anarekebisha mwenyewe na kurudisha, anapata nusu ya alama alizopoteza. Wewe umetumia dakika tatu kwa karatasi, yeye kajifunza zaidi.

Kazi iliyotafsiriwa na mashine utaijua tu, mtu ambaye jana hakuweza kusema "sikuja" leo kaandika "licha ya changamoto hizo". Usimshutumu kwa imeili. Mwite ofisini, mwambie akusimulie aya ile kwa maneno yake. Kama hawezi mnaongea, na kama ni mara ya pili fuata utaratibu wa chuo, usijiundie mahakama yako.

Halafu kuna FERPA, sheria ya mwaka 1974 ya siri za kumbukumbu za wanafunzi. Sisi tumezoea matokeo yanabandikwa ubaoni na majina, wa kwanza mpaka wa mwisho. Kule hiyo ni kosa. Usibandike, usitaje alama ya mtu mbele ya wenzake, usiache lundo la karatasi zilizosahihishwa nje ya mlango wajichukulie, na mzazi akikuandikia imeili kuuliza maendeleo ya mwanae usimjibu kitu, mpeleke kwa msimamizi wako. Mzazi anaweza kukasirika sana kwamba yeye ndiye anayelipa ada. Bado humjibu.

Hatua ya 8: Wale wenye Kiswahili nyumbani

Siku hizi kwenye darasa lako usishangae kukuta mtoto wa familia iliyotoka Kongo, kakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, au kazaliwa Marekani, anasikia kila unachosema ila kuandika hawezi, na Kiswahili chake ni cha mashariki ya Kongo. Usimwambie anaongea vibaya. Akisema cha kwao, andika ubaoni vyote viwili, cha kwao na cha vitabuni, na useme wazi kwamba kwenye mtihani wa kuandika tutatumia hiki cha pili. Mpe kazi tofauti, amhoji mama yake kwa dakika kumi, aandike mahojiano. Watoto wa Kenya nao watakuletea runinga na tarakilishi wakati wewe umeandika televisheni na kompyuta, zote pokea.

Hatua ya 9: Tathmini, kodi, na kufunga semista

Wiki ya sita gawa vikaratasi visivyo na majina, maswali matatu: niendelee na nini, niache nini, nianze nini. Soma, badilisha jambo moja, waambie umelibadilisha. Tathmini rasmi za mwisho wa semista zinakuja kwenye faili lako la kudumu na ni bora ulalamikiwe Oktoba kuliko Desemba. Mwombe msimamizi aje kukuangalia ukifundisha, na barua ya tathmini yake hifadhi pamoja na silabasi, masomo mawili matatu bora na maoni ya wanafunzi. Ukija kuomba kazi ya uhadhiri, Marekani au Mlimani au kwingine, jalada hilo ndilo utakalolitoa. Jiunge pia na CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, utakutana na walimu wa Kiswahili wa vyuo vingine wanaobadilishana vifaa.

Kwenye hati ya mshahara, mwenye F-1 ambaye kikodi bado ni mgeni, na kwa kawaida ni miaka mitano ya mwanzo, hakatwi makato ya Social Security na Medicare, yaani pensheni na bima ya afya ya wazee. Ukiona yamekatwa nenda ofisi ya mishahara. Chuo kitakupa W-2, karatasi ya mshahara na makato ya mwaka mzima, mwishoni mwa Januari, unajaza 1040-NR, fomu ya kodi ya wageni, pamoja na fomu 8843 ya kueleza hali yako ya ugeni, kabla ya Aprili 15, na usitumie zile programu za kodi za wenyeji maana zinakujazia fomu ya mkazi. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo msamaha anaopata Mchina wa ofisi ya jirani wewe haukuhusu.

Likizo ya Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, usiwape kazi ya nyumbani. Siyo kwa ajili yao tu, wewe ndiye utakayeisahihisha wakati una makala tatu za semina za kumaliza. Mradi wa mwisho uwe wa kuongea, video ya dakika tatu au igizo darasani, na alama ziwe zimekamilika siku hiyo hiyo.

Gredi za mwisho zinadaiwa ndani ya siku chache baada ya mitihani kuisha na mfumo ukifungwa umefungwa. Ziingize, hakiki jina kwa jina, piga skrinshoti. Kisha nakili folda nzima ya semista, ipe jina la semista ya Januari, badilisha tarehe kwenye silabasi, na juu ya kila somo andika mstari mmoja wa kilichokwama. Hiyo inachukua mchana mmoja, ukiwa bado unakumbuka.